Motokaa Ndogo Inayogonga Chini Ingawa Haijatembea Sana

Watu wengi wa Kenya, wa mjini na wa mashambani, wamepata kununua motokaa ndogo zilizotumika kwanza Japani, na katika kununua huko jambo linalotazamwa kuliko yote ni hesabu ya kilometa iliyo katika mita. Gari ambalo mita yake yaonyesha kilometa 40,000 huonekana kuwa karibu jipya, na bei yake hupanda kwa ajili hiyo. Kisha baada ya miezi michache, au hata katika wiki ya kwanza, mwenye gari husikia mlio chini ya miguu yake, ko, ko, ko, kila apitapo juu ya tuta au katika barabara ya changarawe. Hapo huingiwa na hofu mbili: ya kwanza, kwamba huenda amedanganywa juu ya zile kilometa, ya pili, kwamba huenda gurudumu likamtoka njiani hali amewapakia watoto wake.

Hofu zote mbili zina msingi, lakini mara nyingi jibu la ile ya kwanza si udanganyifu. Viungo vinavyobeba gari, yaani springi, shokomzoba, mikono ya chini na mipira yake, huchakaa kwa njia mbili: kwa kutembea na kwa kuzeeka. Mita huhesabu njia moja tu. Yafaa kwa hiyo mwenye motokaa ajue ni kipi kinachogonga, kipi kinaweza kungoja mshahara wa mwezi ujao, na kipi hakiwezi kungoja hata siku moja. Fedha nyingi hupotea kwa kubadilisha vitu vilivyo vizima, na watu hufa kwa sababu ya kitu kimoja kilichoachwa.

MITA HAIHESABU MIAKA

Gari dogo la namna ya Toyota Vitz, Mazda Demio, Nissan March au Honda Fit huletwa Kenya likiwa limekwisha kaa Japani miaka mingi. Kanuni za Kenya hazikubali gari lililotumika liingizwe nchini ikiwa limezidi miaka minane tangu lilipoandikishwa mara ya kwanza, na kwa kuwa bei hushuka kadiri gari linavyozeeka, wanunuzi wengi huchagua magari yaliyokaribia mpaka huo. Basi gari linaloshushwa bandarini Mombasa likiwa na kilometa chache aghalabu lina umri wa miaka saba. Likiisha kutumika Kenya miaka mitano mingine, limetimiza miaka kumi na miwili, hata kama muda huo wote kazi yake ilikuwa kwenda sokoni na kurudi.

Mpira hauhitaji kutembezwa ili ufe. Hewa yenyewe huula. Oksijeni hupenya ndani yake polepole na kuufanya mgumu, na ozoni, iliyomo hewani kwa uchache sana, huupasua usoni pale unapovutwa. Joto la injini huharakisha kazi hiyo, na mafuta ya injini yakiudondokea mpira wa namna nyingi huufurisha na kuulainisha hata ukakatika kama mkate uliolowa. Kandambili iliyosahauliwa juu ya paa kwa mwaka mzima hukatika siku ile ile ivaliwapo, ingawa haikutembea hatua moja. Ndivyo ilivyo mipira iliyo chini ya gari, ila hiyo haionekani na mtu asiyeinama.

Tena kuna jambo la chumvi. Katika sehemu za kaskazini mwa Japani, kama kisiwa cha Hokkaido, theluji huanguka sana wakati wa baridi, na barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Maji yale ya chumvi huruka chini ya gari na kukaa katika mapengo ya chuma. Gari lililoishi huko huweza kung'aa juu kama sahani mpya, na chini boliti zake zimeshikana kwa kutu hata hazifunguki ila kwa kukatwa. Mnunuzi anayelala chini ya gari na tochi kwa dakika tano hujua zaidi kuliko anayelizunguka kwa saa nzima.

Wala kilometa zote si sawa. Tairi la gari dogo la kipimo cha 175/65 R14 huzunguka mara 545 hivi katika kilometa moja, na juu ya lami laini mizunguko hiyo haiudhuru mpira sana. Lakini katika barabara ya changarawe iliyojikunja kama bati, mikunjo hufuatana kwa umbali usiofika meta moja, hivyo gurudumu hupigwa zaidi ya mara 1,000 katika kila kilometa. Mtu akaaye kilometa kumi kutoka lami, akienda na kurudi katika njia ya namna hiyo, kila gurudumu lake hupata mapigo zaidi ya 20,000 kwa siku. Mwaka mmoja wa maisha hayo huweza kumaliza viungo ambavyo vingedumu miaka mingi katika mitaa ya Yokohama.

Hii si kusema kwamba mita hazirudishwi nyuma. Hurudishwa, na mnunuzi ana haki ya kuchunguza. Mpira wa kikanyagio cha breki ukiwa umelika hata chuma kuonekana, na usukani ukiwa laini kama kioo pale unaposhikwa, gari limetembea zaidi ya kilometa 40,000. Tairi nazo zina ushuhuda wao: ubavuni mwa kila tairi pana tarakimu nne zilizofungwa pamoja, mbili za kwanza zikiwa ni wiki na mbili za mwisho mwaka, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Magari yaliyouzwa mnadani Japani huwa na karatasi ya mnada iliyoandikwa kilometa zake za siku ile, na cheti cha ukaguzi kilichotolewa kabla ya kupakiwa melini huziandika pia. Muuzaji mwaminifu hana sababu ya kuficha karatasi hizo.

KILICHO CHINI YA GARI

Magari madogo ya siku hizi, karibu yote, yamejengwa mbele kwa namna moja. Ilibuniwa na Mmarekani Earle MacPherson katika miaka ya 1940, na kampuni ya Ford iliitumia katika magari yake ya Uingereza tangu mwanzo wa miaka ya 1950. Ford Zephyr, gari lililoshinda mashindano ya Safari ya Afrika ya Mashariki mwaka wa 1955, lilikuwa la namna hiyo, kwa hiyo si jambo geni katika barabara za nchi hii.

Kila gurudumu la mbele lina nguzo moja. Nguzo hiyo ni shokomzoba, na springi imeizunguka kama nyoka aliyejiviringisha mtini. Juu, nguzo hushikwa na bodi kwa kikalio cha mpira chenye beringi, ambacho mafundi hukiita maunti, ili nguzo iweze kuzunguka usukani unapokatwa. Chini, nguzo imefungwa katika kitovu cha gurudumu. Kitovu hicho nacho hushikiliwa na mkono wa chuma unaotoka chini ya bodi. Mkono huo wa chini umeungwa na gurudumu kwa boljointi, yaani kichwa cha chuma cha mviringo kinachozunguka ndani ya kikombe chenye grisi, na umeungwa na bodi kwa bushi mbili za mpira. Fimbo ndefu ya chuma huvuka kutoka upande mmoja hadi wa pili ili gari lisilale sana katika kona, nayo huungwa na nguzo kwa vijiti viwili vifupi viitwavyo linki. Mwisho ni tairodi, ambayo hulisukuma gurudumu kushoto na kulia kwa amri ya usukani.

Nyuma mambo ni mepesi zaidi. Magari mengi madogo yanayovutwa na magurudumu ya mbele yana boriti moja ya chuma iliyopitishwa kutoka gurudumu hadi gurudumu, yenye bushi mbili kubwa, springi mbili na shokomzoba mbili. Huko nyuma hakuna mengi ya kuharibika, na pengine ndiyo sababu husahauliwa mpaka tairi zianze kulika mabonde-mabonde.

Wengi hudhani kwamba shokomzoba ndiyo ibebayo gari. Sivyo. Uzito hubebwa na springi. Springi ikiachwa peke yake ingeendelea kurusha gari juu na chini baada ya kila shimo, kama kitanda cha chuma kinavyomrusha mtoto, na kazi ya shokomzoba ni kuituliza. Ndani yake mna bastola inayopita katika mafuta, nayo mafuta hulazimika kupenya katika matundu madogo, hivyo nguvu ya mruko hugeuka kuwa joto. Kwa hiyo gari lililoketi chini upande mmoja haliponywi kwa shokomzoba mpya. Springi yake imechoka au imevunjika, na mara nyingi pindo lake la mwisho ndilo limekatika, mahali ambapo kutu na mchanga hukusanyika.

KUSIKILIZA, KUTAZAMA NA KUTIKISA

Kabla ya kwenda gereji, mwenye gari aondoe kwanza vitu vinavyosingizia. Jeki iliyolegea katika buti, tairi la akiba lisilofungwa, chupa chini ya kiti: vyote hivi hugonga kama kiungo kilichokufa, na wako waliokwisha lipia shokomzoba kwa kosa la jeki. Kisha gari liendeshwe polepole kando ya ukuta mrefu, madirisha yakiwa wazi, maana ukuta hurudisha sauti na kuonyesha ni upande gani unaolia. Mlio ukinyamaza mara breki inapoguswa kidogo, huenda ni vibao vya breki vinavyocheza mahali pake, wala si viungo hivi.

Kila kiungo kina lugha yake, ingawa hata fundi stadi hukosea. Mgongo mfupi, mkavu na wa haraka juu ya vijiwe vidogo, gari likienda polepole, mara nyingi ni wa linki. Mshindo mmoja mzito wakati wa kufunga breki au wakati wa kuondoka ni dalili ya bushi ya mkono wa chini, hasa ile ya nyuma, iliyopasuka na kuuacha mkono usogee mbele na nyuma. Kukwaruza au kuruka kwa springi wakati usukani unapozungushwa gari likiwa limesimama huonyesha kwamba beringi ya maunti imekwisha. Na ule mlio wa tak, tak, tak wa gari linalokata kona huku injini ikivuta, huo hauhusu viungo hivi kabisa. Ni jointi ya ekseli, na aghalabu mfuko wake wa mpira umepasuka zamani na mchanga umekwisha ingia.

Baada ya masikio, mikono. Pembe ya gari ikandamizwe kwa uzito wa mwili na kuachwa ghafula: yapasa ipande na kutulia. Ikiendelea kupanda na kushuka, shokomzoba ya pembe hiyo imekufa. Lakini jaribio hili hufichua iliyokufa tu. Iliyochoka nusu hupita bila kuonekana, na huonekana vizuri zaidi katika tairi. Tairi lililolika mabonde-mabonde kuzunguka lote huonyesha gurudumu linalorukaruka juu ya barabara. Tairi lililolika ukingo mmoja tu huonyesha kwamba gurudumu halikukaa sawa, ama kwa bushi zilizochoka, ama kwa mkono uliopindwa na shimo. Kuhusu mafuta, unyevu mwembamba uliochanganyika na vumbi karibu na kifuniko cha shokomzoba si ugonjwa bado. Mafuta yanayotiririka hadi chini ni ugonjwa.

Kisha gurudumu la mbele liinuliwe. Hapa pana hatari ambayo haina budi kusemwa wazi: mtu asiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, wala lililowekwa juu ya mawe au matofali. Matofali hupasuka bila kutoa onyo. Stendi za chuma hutumiwa, juu ya ardhi ngumu na tambarare, na magurudumu ya upande mwingine huwekewa kabari. Gurudumu likiwa hewani, hushikwa juu na chini na kutikiswa. Likicheza, msaidizi akanyage breki: mchezo ukiisha, beringi ya gurudumu ndiyo iliyochoka; ukibaki, ni boljointi. Halafu hushikwa kushoto na kulia na kutikiswa tena, na mchezo wa upande huu hutoka zaidi katika tairodi. Mwisho, mtaimbo huingizwa kati ya mkono wa chini na bodi na kusukumwa kidogo. Mpira wa bushi wenye mikwaruzo midogo usoni bado una maisha. Uliopasuka hata mwanga ukapita, au uliobanduka katika chuma chake, umekwisha.

Si kila ugonjwa una haraka ile ile, na hapa ndipo fedha kidogo hupangwa vizuri. Linki iliyolegea huudhi masikio, na gari hulala zaidi katika kona, lakini haiui upesi. Shokomzoba iliyochoka ni mbaya kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu gurudumu lililo hewani halifungi breki, na katika barabara mbovu gari huhitaji nafasi ndefu zaidi ili lisimame. Bushi iliyopasuka hulifanya gari kuvuta upande breki zinapofungwa. Lakini boljointi na tairodi ziko katika daraja la peke yake. Boljointi ikitoka katika kikombe chake, gurudumu hulala ubavu na gari huburuta chini. Tairodi ikiachana, usukani haulitawali tena gurudumu. Mambo haya hayatokei tu katika mwendo wa pole mbele ya nyumba. Gari lenye mchezo katika mojawapo ya viungo hivi viwili lisiendeshwe hata kwenda gereji, fundi aitwe.

MWALIMU NA FUNDI

Ichukuliwe hali ya mwalimu wa mashambani mwenye gari la mwaka wa 2012 lililotembea kilometa 58,000, alilonunua kwa mkopo wa chama chake cha akiba. Gari lagonga mbele. Fundi wa jua kali alitazama kwa dakika moja, akapangusa mikono.

"Mwalimu, shoku zote nne zimekwisha, na mikono ya mbele pia. Gari hili ni la zamani."

"Fundi, sibishi kazi yako. Ila naomba unionyeshe kimoja kimoja, nijue ninacholipia."

Fundi mwema hakasiriki kwa ombi kama hilo. Gari lainuliwa, na yote hutazamwa kwa mtaimbo na tochi. Linki ya kushoto yacheza. Bushi za nyuma za mikono yote miwili zimepasuka. Boljointi zimeshika, na shokomzoba ni kavu.

"Basi leo tufunge linki na hizo bushi, fundi. Shoku tutazitazama tena likizo ya Desemba."

"Ni sawa, Mwalimu. Lakini linki nunua mbili. Ya kulia ina umri ule ule."

Mazungumzo ya dakika kumi kama hayo huweza kupunguza gharama nusu nzima. Hata hivyo si haki kumwita mwizi kila fundi ashaurie kubadilisha vyote. Wengi hufanya hivyo kwa sababu mteja aliyebadilishiwa kimoja hurudi mwezi ujao na mlio mwingine, akidai kwamba kazi haikufanywa, na hataki kulipa tena. Kwa upande wa bushi, kuna sababu nyingine: bushi hutolewa na kuingizwa kwa mashine ya kushindilia, na si kila gereji iliyo chini ya mti ina mashine hiyo. Mahali isipokuwapo, ni afadhali kununua mkono mzima kuliko kumwacha mtu apige bushi kwa nyundo, maana mkono huweza kupinda na bushi mpya kuharibika kabla haijatumika. Bushi nyingi pia zina mapengo ndani ya mpira, na mapengo hayo lazima yaelekee upande alioukusudia mwenye kuliunda gari.

KUNUNUA NA KUFUNGA

Barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi, ambayo wazee bado huiita Grogan, ni mashuhuri kwa maduka ya vipuri, na katika maduka ya namna hiyo, huko na katika miji mingine, hupatikana vya namna tatu: vipya vya kweli, vipya vya kuiga, na vilivyotumika vilivyotoka Japani. Hivi vya mwisho hupendwa kwa sababu ya bei na kwa sababu vilitengenezwa na kiwanda chenyewe. Kwa mlango au taa, hapana ubaya. Lakini kununua mkono uliotumika ili kupata bushi zake ni kubadilisha mpira wa miaka kumi na miwili kwa mpira wa miaka kumi. Boljointi iliyotumika vivyo hivyo. Hakuna ajuaye imepigwa na mashimo mangapi. Kwa viungo hivi viwili, kipya cha bei ya kati kutoka duka litoalo risiti ni bora kuliko cha kweli kilichozeeka. Mnunuzi aende na namba ya chesisi, na ikiwezekana kile kiungo cha zamani mkononi, kwa kuwa magari ya jina moja na mwaka mmoja huweza kuwa na mikono isiyolingana kwa sentimeta moja, na sentimeta hiyo hutosha kuharibu kazi yote.

Shokomzoba na springi hubadilishwa kwa jozi, kushoto na kulia pamoja, ili gari lisitende namna mbili katika kona moja. Kuzitenganisha springi na shokomzoba ni kazi ya hatari kuliko zote zilizotajwa hapa. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kutosha kuvunja taya la mtu au kumwua. Kifaa maalumu cha kubana springi hutumiwa, na nati ya juu haifunguliwi mpaka springi imeachia kikalio chake. Kuifunga kwa kamba au kwa waya, kama inavyoonekana pengine, ni kucheza na bunduki iliyojazwa.

Liko kosa moja dogo linalowagharimu watu wengi bila wao kujua, nalo hufanyika hata katika gereji zenye sakafu ya saruji. Bushi nyingi za mkono hazizunguki juu ya boliti yake; mpira wenyewe ndio unaojipinda huku na huku. Fundi akikaza boliti hali gurudumu limening'inia hewani, mpira hushikwa katika hali hiyo ya kuning'inia. Gari likishushwa, mpira hukaa umejipinda mchana na usiku, hata gari likiwa limelala, na baada ya miezi michache hupasuka. Mwenye gari hulaumu kiwanda, na fundi hulaumu barabara. Njia iliyo sawa ni kuingiza boliti na kuzikaza kidogo tu, kulishusha gari likae kwa uzito wake wote juu ya magurudumu, kulitikisa litulie, ndipo boliti zikazwe kwa nguvu. Mwenye gari asione haya kusimama karibu na kumwomba fundi afanye hivyo.

Wengine, kwa kuogopa matuta na mashimo, huweka vipande vya plastiki au vya chuma juu ya nguzo, viitwavyo spesa, ili gari liinuke. Gari huinuka kweli, lakini mkono wa chini sasa huinama kuelekea chini kuliko ulivyokusudiwa, boljointi hufanya kazi karibu na mwisho wa kikombe chake, na jointi za ekseli hukaa upande. Mtu aliyekwisha weka spesa nene asishangae akibadilisha boljointi mara kwa mara. Kupakia magunia ya viazi katika gari la watu watano nako huleta madhara ya namna hiyo hiyo upande wa nyuma, ambako springi hubanwa hata bastola ya shokomzoba ikagonga mwisho wake katika kila shimo. Uzito unaoruhusiwa na upepo wa tairi kwa kawaida huonekana katika kijitabu cha gari, na upepo mara nyingi umeandikwa pia katika kibandiko penye nguzo ya mlango wa dereva.

Kazi ikiisha, gari lipelekwe kupimwa alaimenti, hata kama laonekana kwenda sawa, kwa sababu mkono mpya au tairodi mpya haukai pale pale palipokaa wa zamani, na tairi jipya huweza kulika ukingo mmoja katika wiki chache. Alaimenti iliyofanywa kabla ya kubadilisha bushi zilizopasuka ni fedha iliyotupwa. Gurudumu litahama tena kabla gari halijatoka mtaani. Baada ya kilometa 500 hivi, boliti zote zilizofunguliwa hujaribiwa kwa spana, na katika karatasi inayowekwa ndani ya gari huandikwa kilichobadilishwa, kilometa za siku hiyo, na tarehe.